Kilomita ya Saba

Miaka kumi na mmoja niliikagua reli hii
nikiwa nimeketi.
Jiko la makaa mbele yangu, chai ya maziwa na chumvi mkononi,
nje jangwa la Gobi limeganda, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na daftari la Shirika limelala magotini kama mbwa mtiifu.
Kilomita ya kwanza: vyema.
Ya pili: vyema.
Ya tatu mpaka ya kumi na mbili, pumzi moja ya wino:
vyema, vyema, vyema.
Sahihi: Gantumur.

Sikuanza hivyo. Hakuna aanzaye hivyo.
Ilianza na goti, mwaka ule wa theluji mifugo ikafa wima.
Nikasema: leo tu.
Leo Tu alikuwa mgeni mpole. Alibisha hodi,
akavua viatu mlangoni, akaomba kipembe cha mkeka.
Wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe.
Mimi nilimpa mto.

Na treni zilipita. Zote zilipita salama.
Hilo ndilo lililoniharibu.

Kisha wakaniletea Solongo nimfundishe kazi,
miaka kumi na tisa, glavu za mama yake,
nyundo mpya yenye kibandiko cha bei shingoni.
Wiki ya kwanza alitembea kilomita zote,
akarudi na barafu kwenye kope,
akaniambia chuma kizima hulia kama kengele,
chenye ufa hukohoa.
Nikacheka.
Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuijua sauti hiyo.

Wiki ya sita, alfajiri, niliingia kibandani
nikamkuta ameketi.
Jiko. Chai. Daftari magotini.
Vyema, vyema, vyema,
na ile V yake imepinda mkia kushoto
kama yangu.
Hakushtuka. Alisogea tu, anipe nafasi karibu na moto.

Ningemkemea kwa mdomo upi?
Nikaitungua nyundo yangu nyuma ya mlango,
mpini umeota vumbi,
nikatoka.

Sitakudanganya kwamba upepo ulinipokea kwa matarumbeta.
Goti lililia kabla ya chuma.
Kilomita ya nne nilitapika chai.
Kilomita ya saba, boliti mbili zimelegea, ya tatu haipo,
tundu lake limejaa mchanga,
mchanga wa zamani, ulioshikana, mchanga wa miaka.
Nikapiga magoti. Si kwa sala, nilikuwa natafuta spana.
Lakini nilikaa pale chini
muda mrefu kuliko spana inavyohitaji.

Jioni niliandika kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza:
Saba: mbovu. Nimekaza mbili. Tuleteeni moja.
Na chini yake, baada ya kuulamba wino uliokuwa unaganda:
haikuharibika leo.

Shirika lilinikata mshahara wa miezi miwili.
Mke wangu Oyunbileg alizihesabu zile zilizobaki,
akazihesabu tena,
kisha akakaa kunishonea soksi za manyoya ya ngamia
bila neno.

Huniuliza, vijana wa stesheni, niliiachaje tabia ile.
Sijaiacha. Naiacha.
Kila siku saa kumi na moja alfajiri naiacha,
siku nyingine kwa matusi.
Jana nilikuwa na homa, nikaishia kilomita ya nane,
na kalamu ikaniandikia yenyewe: tisa, vyema.
Nikalala. Yaani nilifumba macho.

Saa nane usiku nikatafuta viatu.
Vya Solongo havikuwepo mlangoni.
Mbali relini kitaa kidogo kilikuwa kinatembea,
na ndani ya kimya kile, nyundo:
ngaa,
hatua kumi,
ngaa.

Nikasimama kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi,
nikisikiliza
kama kitakohoa.